Kudurusu usiku kucha kunavyowaumiza watahiniwa

SAA kumi kasorobo za alfajiri kengele hulia. Nje ukungu umetanda, na baridi ya milima ya Gusii hupenya hata blanketi mbili. Wasichana huamka, wakajifunga leso mabegani na kuelekea madarasani kudurusu. Baadhi yao hubeba karai dogo lenye maji baridi. Maji hayo si ya kunawa. Msichana huliweka karai chini ya dawati, akatumbukiza miguu humo, na kila usingizi unapomnyemelea baridi humgutusha.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wa wenye makarai.

Hayo yalikuwa mwaka 2024, naye alikuwa kidato cha nne katika shule moja ya bweni, Kaunti ya Nyamira. Jina la shule silitaji, kwa sababu yaliyompata yangeweza kumpata katika shule nyingi tu, huko Nyamira, Kisii na kwingineko humu nchini. Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, kipindi cha Historia, aliinuka kujibu swali akaanguka kati ya madawati. Wenzake walipiga mayowe. Kuna walioanza kumwombea, kuna waliosema ni malaria kwa kuwa mvua ya masika ilikuwa imetoka kwisha, na, kama ilivyo desturi msichana anapozirai, kuna waliokwisha kunong'onezana kwamba ana mimba.

Dada yangu alinipigia simu nikiwa Kisii mjini. Nilipofika kituo cha afya nilimkuta mtoto amelazwa, macho yamemwingia ndani, maji ya chumvi yakimtiririka mkononi. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu. Mimba hakuna. Kilichoonekana ni damu iliyopungua na tumbo lililokuwa tupu tangu jioni ya siku iliyotangulia. Tabibu, kijana mpole asiye na maneno mengi, alimuuliza hulala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Akajibu kwamba hulala saa tano unusu na kuamka saa kumi kasorobo, na alijibu kama mtu anayetarajia kusifiwa. Tabibu alihesabu kwa vidole. Saa nne na robo.

"Mjomba, usimwambie mama anirudishe nyumbani," aliniambia tulipoachwa wawili. "Nikikosa wiki moja tu, wenzangu watanipita."

Shamba halitoshi

Asiyeijua Gusii anaweza kushangaa ni kwa nini msichana wa miaka kumi na saba aogope kulala kuliko anavyoogopa kuzirai. Lakini tembea kutoka Keroka hadi Nyamira, au kutoka Suneka uingie ndani ndani, utazame mashamba. Ni mazuri, yana rutuba, na ni madogo mno. Sehemu hii ni miongoni mwa zile zenye watu wengi zaidi kwa kila kilomita mraba katika mashambani ya Kenya. Mzee mwenye ekari moja ya majani chai na watoto watano hana cha kuwagawia. Urithi uliobaki ni karo. Ndiyo maana malipo ya ziada ya chai yakitoka, pesa hupita mkononi mwa mzazi zikaenda moja kwa moja kwa karani wa shule.

Mtihani wa KCSE, ambao umekuwa ukifanywa tangu 1989, ndio unaoamua nani aende chuo kikuu, nani aende chuo cha mafunzo na nani arudi kuchuma chai. Matokeo ya mwaka 2022, ambapo shule kadhaa za Kisii na Nyamira zilipanda kwa ghafla, yalizua mjadala uliofika mpaka Bungeni mwaka uliofuata. Hayo si ya ukurasa huu. La ukurasa huu ni kwamba shule ikishapanda haitaki kushuka, na njia inayoonekana rahisi kuliko zote ni kuisogeza kengele ya asubuhi nyuma kwa nusu saa.

Na sisi wazazi tusijitoe. Wengi wetu tunaoishi mijini, tukienda kumtafutia mtoto nafasi, huuliza shule ilipata wastani gani, kisha tukauliza wanaamka saa ngapi. Tukijibiwa saa kumi na mbili tunakunja uso. Tukijibiwa saa kumi twatikisa kichwa kwa kuridhika.

Saa zinazoibwa

Wazazi wengi hawajui kwamba jambo hili lina sheria. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilipanga siku ya mwanafunzi wa bweni tangu asubuhi hadi usiku. Masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu. Kusoma kwa jioni ni saa moja unusu hadi saa tatu unusu. Kutoka hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi, kanuni zasema, ni wakati wa kulala. Hizo ni saa nane na nusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo.

Walioweka saa hizo hawakukisia. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani, baada ya kupitia utafiti mwingi uliokuwapo, walitoa pendekezo kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 apate usingizi wa saa nane hadi kumi kwa siku. Jambo jingine ambalo wazazi hulichukulia kuwa uvivu ni kwamba mwili wa kijana hubadili saa zake. Kichocheo kinacholeta usingizi, melatonini, huanza kutoka usiku zaidi kwa kijana kuliko kwa mtoto mdogo. Ndiyo sababu huwa macho makavu saa nne za usiku, na saa kumi alfajiri ukimwamsha ni kama unaamsha gogo. Kumlaza saa mbili hakusaidii sana. Kumwamsha saa kumi ni kumkatia usingizi katikati.

Sasa msomaji atasema: mbona wapo walioamka saa tisa na wakapata A? Wapo. Na wapo waliovuka barabara wamefumba macho wakafika salama. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mzazi angefaa kulisikia. Waliwaweka watu wazima wenye afya nzuri mahali pamoja, wengine wakilala saa nane, wengine saa sita, wengine saa nne kila usiku kwa wiki mbili. Kila siku walipimwa umakini na wepesi wa kufikiri. Waliolala saa sita, baada ya wiki hizo mbili, walikuwa wameharibika kiasi cha mtu aliyekesha bila kulala kabisa. Waliolala saa nne walikuwa hoi zaidi.

Kinachotisha ni sehemu ya pili ya matokeo. Watu hao walipoulizwa kama wanahisi usingizi, walisema ni kidogo tu, wamekwisha kuzoea. Akili ilikuwa ikizidi kudidimia ilhali mwenyewe anaona yuko sawa. Ndiyo yale yale ya mpwa wangu kujibu kwa fahari kitandani.

Tena kulala si kuacha kusoma. Mtu anapolala ubongo huyarudia yale aliyojifunza mchana, ukayatoa mahali pa kuhifadhi kwa muda na kuyapeleka mahali pa kudumu. Anayekatiza usingizi ili asome zaidi ni kama mama anayechuma chai kutwa nzima kisha akakataa kuipeleka kwenye kituo cha kupimia. Kazi ameifanya, lakini malipo hayataandikwa kwenye kitabu chake.

Daftari la maswali

Kama si kukesha, basi mtoto adurusu vipi? Maana silabasi ni ndefu na mtihani hauahirishwi.

Mwaka 1885 Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu kuhusu kusahau. Alikuwa amejifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka, akikariri silabi zisizo na maana yoyote na kupima zimebaki ngapi kichwani. Aligundua kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja, karibu theluthi mbili. Baada ya hapo kupotea kulipungua kasi. Aligundua pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunashinda kurudia mara nyingi kwa siku moja. Zaidi ya miaka mia moja ya utafiti imepita tangu hapo na jambo hilo halijapinduliwa.

La pili liligunduliwa karibuni zaidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojiuliza walikuwa na 61.

Sababu si ngumu. Ukisoma ukurasa uleule mara nne, unauzoea, na kuuzoea unadhani ni kuujua. Ni kama uso wa mtu unayekutana naye kila Alhamisi sokoni Daraja Mbili. Unamjua kabisa, mpaka siku utakapoulizwa jina lake.

Tulichofanya na mpwa wangu alipopewa siku tano za kupumzika ni hiki. Nilimnunulia daftari la kurasa 200. Kila jioni, badala ya kunakili upya maelezo ya mwalimu kwa kalamu za rangi nne (kazi nzuri ya macho, isiyobakisha kitu kichwani), aliandika maswali kumi tu kuhusu aliyojifunza siku hiyo. Majibu aliyaandika nyuma ya daftari. Kesho yake aliyajibu bila kufunua. Aliyoyapata aliyarudia baada ya siku tatu, halafu wiki, halafu wiki tatu. Aliyoyakosa yalirudi kesho. Muda wote huo haukuzidi dakika arobaini.

Wazee wenzangu watacheka, kwa sababu sisi tulifanya jambo hilo bila kuambiwa na profesa yeyote. Katika siku za CPE kulikuwa na karatasi iliyoitwa General Paper, iliyotutaka tujue mambo ya ulimwengu: waziri wa hiki ni nani, rais wa nchi fulani ni nani, mji mkuu wa Upper Volta ni upi. Kila jioni baba aliiwasha redio wakati wa taarifa ya habari, na ikimalizika tu alitugeukia na kuuliza. Asiyejibu alikwenda kukamua ng'ombe. Hatukukesha hata siku moja kwa ajili ya karatasi ile, na Ouagadougou sijaisahau hadi leo.

Likizo ya Agosti mpwa wangu aliishi na nyanyake karibu na Kebirigo. Magokoro hakuvuka darasa la tatu, lakini alichukua kazi ya kuuliza maswali kwa bidii kuliko mwalimu. Mjukuu humsomea swali, halafu hulifunga daftari na kujibu, na nyanya huamua kwa uso wake kama jibu limekaa sawa. Walipofika kwenye upinzani wa Abagusii dhidi ya Waingereza, aliyemchoma mkuki Northcote mwaka 1908 ni nani, nyanya hakungoja. Habari za Otenyo alizisimulia nusu saa nzima, kwa Ekegusii, na mambo mengine ambayo hayamo katika kitabu chochote cha shule. Swali hilo halikuhitaji kurudiwa tena.

Chai na damu

Turudi kwenye ile damu iliyopungua, kwa maana usingizi peke yake haukumwangusha mtoto.

Kisii na Nyamira ni nchi ya majani chai. Kebirigo, Sanganyi, Nyamache, Kiamokama, yote hayo ni majina ya viwanda. Chai hunywewa asubuhi, mchana, jioni, na mtahiniwa hubeba chupa ya chai ya rangi, ile vijana waitayo turungi, hadi darasani usiku. Kafeini iliyomo huuziba ule ujumbe wa uchovu ambao mwili unautuma kwa ubongo. Uchovu haupungui. Unafichwa tu. Na kafeini haiishi upesi mwilini: kwa mtu wa kawaida huchukua kama saa tano kupungua nusu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu waliopewa kiasi kikubwa cha kafeini, sawa na vikombe vinne hivi vya kahawa, saa sita nzima kabla ya kulala walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Chai ina kafeini kidogo kuliko kahawa, lakini anayekunywa vikombe vitatu saa tatu za usiku anajidanganya akidhani atalala vyema. Vinywaji vya kutia nguvu vya mikebe, ambavyo sasa vimejaa madukani kuanzia mjini hadi sokoni, ni hivyo hivyo pamoja na sukari tele. Miraa nayo, ambayo baadhi ya wavulana huitumia kukesha, hukata usingizi na hamu ya chakula kwa mpigo mmoja.

Chai ina dosari ya pili ambayo wengi hawaijui. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasifyonzwe na mwili, na chuma ndicho kinachotengeneza damu. Kwa mvulana mwenye nyama kwenye sahani huenda isiwe neno. Kwa msichana anayepoteza damu kila mwezi, na ambaye chakula chake cha shule ni githeri na kabichi, ni neno kubwa. Msichana mwenye upungufu wa chuma huchoka upesi, huumwa na kichwa, hupumua kwa shida akipanda mlima, na hushindwa kutuliza akili kwenye kitabu. Mwalimu huona uvivu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limependekeza tangu 2011 kwamba pale ambapo upungufu wa damu umeenea, wasichana waliokwisha kuvunja ungo wapewe tembe za chuma na asidi ya foliki mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa. Hata hivyo usimnunulie mwanao tembe bila kumpima. Damu hupunguzwa na mambo mengi, wakiwemo minyoo, malaria na ugonjwa wa selimundu, na kila moja lina dawa yake.

Chakula chenyewe hakiko mbali. Chinsaga, ile mboga chungu ambayo mama zetu waliipika kwa maziwa na kumpa mwanamke aliyejifungua, ina chuma na vitamini A. Rinagu vilevile. Maharagwe, omena, maini mara moja moja, na obokima bwa wimbi badala ya ugali mweupe kila siku. Chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, lakini ukila na tunda lenye vitamini C, chungwa au pera, hali huwa bora. Chai ingoje saa moja baada ya chakula. Shuleni mpwa wangu hakuweza kuchagua chakula, basi dada yangu alimfungia karanga na omena iliyokaangwa ikakauka, na mapera ya msimu. Cha muhimu zaidi ni kwamba aliacha kuukosa uji wa asubuhi. Kabla ya hapo muda wa uji alikuwa akiutumia kumaliza swali la hesabu.

Tumbo, kichwa na macho

Watahiniwa wengi husema wana vidonda vya tumbo. Wachache wanavyo kweli. Vidonda vya tumbo havisababishwi na mawazo peke yake kama tulivyoamini zamani. Mwaka 1982 Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren waligundua kijidudu kinachoitwa Helicobacter pylori, ambacho ndicho chanzo cha vidonda vingi, na wakatuzwa Nobeli mwaka 2005. Chanzo kikubwa cha pili ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Mwanafunzi anayemeza ibuprofeni kila siku, tena kwa tumbo tupu, kwa sababu kichwa kinamwuma, anaongeza maumivu ya pili juu ya ya kwanza. Hata paracetamol, ikimezwa siku kumi na tano au zaidi kwa mwezi, inaweza yenyewe kuwa chanzo cha kichwa kuuma. Kichwa cha mtahiniwa mara nyingi kinadai maji, chakula, usingizi au miwani.

Kuhusu macho, kusoma kwenye mwanga hafifu hakupofushi, lakini kunachosha na kuleta maumivu ya kichwa. Kilicho kibaya hasa nyumbani ni koroboi. Moshi wake si wa macho tu, ni wa mapafu, na WHO mwaka 2014 lilishauri mafuta ya taa yasitumiwe majumbani. Taa ndogo ya jua inafaa zaidi. Na mtoto atoke nje mchana, acheze, atazame mbali. Watoto wanaokaa ndani na vitabu siku nzima ndio wanaopatwa zaidi na tatizo la kutoona mbali.

Neno moja kuhusu malaria. Nyanda za juu za Gusii zilipata milipuko mibaya katika miaka ya 1990, aghalabu baada ya mvua ya masika, kwa kuwa watu wa milimani hawana kinga kama ile ya watu wa kando ya ziwa. Mtahiniwa mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Asiambiwe ni hofu ya mtihani, wala asimezeshwe dawa kwa kukisia.

Hofu yenyewe ipo, na si ya kuchekwa. Mkono kutetemeka kidogo asubuhi ya karatasi ya kwanza ni kawaida. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wanafunzi wenye wasiwasi mwingi, wakipewa dakika kumi kabla ya mtihani waandike kwa uwazi kile wanachokihofia, hufanya vyema kuliko wale walioketi tu. Karatasi ile haisomwi na mtu. Lakini mtoto anayelia mara kwa mara bila kueleza sababu, aliyeacha kula, aliyejitenga na marafiki zake, au anayesema kwamba heri asingezaliwa, huyo si wa kungoja likizo. Mchukue umpeleke hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Kisii na ile ya Kaunti ya Nyamira zinaweza kumhudumia au kumwelekeza panapofaa. Mtoto mwenyewe, au mtu yeyote anayemhofia, anaweza kupiga 116, nambari ya Childline, bila malipo.

Aliporudi shuleni

Kumshawishi mpwa wangu alale kulikuwa kugumu kuliko kumtibu. Mama yake alimwambia kwa ukali, akanuna. Mimi nilimwonyesha hesabu ya ule utafiti wa Pennsylvania, akasema hao ni Wazungu, wana nyama kila siku. Aliyemgeuza ni tabibu, ambaye hakumwambia lolote kuhusu afya. Alimwomba tu aeleze alichosoma asubuhi ya siku aliyoanguka, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Alifikiri kwa muda mrefu. Hakukumbuka hata somo lenyewe lilikuwa lipi.

Shuleni tulikwenda na barua ya tabibu. Mwalimu aliyetupokea alikuwa mtu mwema, mwenye macho mekundu, kwa maana naye huamka saa kumi. Alituambia kwamba akimruhusu mmoja kulala hadi saa kumi na moja unusu, wote watataka. Sikumjibu, ila nilijiuliza kimoyomoyo ubaya wake ungekuwa nini. Hatimaye alikubali kwa mwezi mmoja, na mwezi ulipokwisha hakuna aliyeuliza. Wasichana wengine wawili wa bweni lake walianza kubaki kitandani naye. Karai alilitumia kufulia.

Katika mtihani wa majaribio alishuka nafasi nne. Dada yangu alinipigia simu usiku akiniuliza, kwa sauti ambayo siwezi kuisahau, kama tumemharibia mtoto maisha. Sikuwa na jibu. Nilimwambia tungoje.

KCSE aliufanya Novemba bila kukosa karatasi hata moja. Alipata C+. Si ile A iliyoandikwa kwa wino mwekundu ukutani mwa darasa lao kama shabaha ya kila mmoja, na jirani mmoja hakukosa kutukumbusha hivyo. Sasa anasomea uuguzi chuoni. Juzi alinitumia ujumbe akiuliza kama ninaweza kumtafutia daftari jingine la kurasa 200 hapa Kisii mjini, maana la kwanza limejaa na mtihani wa anatomia uko wiki tatu mbele.